Wapigaji wa Usiku: Taarikhi ya Muziki wa Baa, toka Malakia hata Gudele

Mtu apendaye kuijua taarikhi ya muziki wa dansi katika Afrika ya Mashariki aghalabu huelekeza uso wake Dar es Salaam, au Nairobi, au huvuka misitu kwenda Kinshasa, na ni nadra kumwona akigeuka kaskazini na kuufuata mto Nili unakoteremkia, hata akafika Juba. Ilhali mji huo, kwa muda unaokaribia miaka mia moja, umekuwa mpaka ambapo gitaa la Kikongo na udi wa Omdurman hukutana, na ambapo wapigaji wa Kampala, wa Kongo, wa Nairobi na wa Khartoum wametafuta riziki moja. Na katika Juba hiyo, upande wa magharibi, uko mtaa wa Gudele, ambao kabla ya mwaka 2005 nyasi zake zilikuwa nyingi kuliko nyumba zake, na leo ni miongoni mwa mitaa iliyojaa watu kabisa, yenye masoko, makanisa, gereji, na baa ambazo jua likichwa huwasha taa za rangi na kuvuta viti vya plastiki hadi kando ya barabara. Habari nitakayoisimulia ni ya watu wanaopiga muziki katika baa za namna hiyo, wale wa Ijumaa na Jumamosi, ambao majina yao hayabandikwi ukutani na ambao bila wao jina la mtaa wa starehe halikamiliki.

Mpigaji wa baa hana mali kubwa kuliko usiku. Gitaa huazimwa, kipaza sauti hukodishwa, hata shati la kupandia jukwaani hupatikana kwa ndugu, lakini usiku ukifungwa kwa amri ya serikali, au ukifungwa kwa risasi, hakuna rafiki wa kuuazimisha. Kwa sababu hiyo taarikhi ya muziki wa Juba haiwezi kusomwa kwa kufuata orodha ya nyimbo peke yake. Ni lazima isomwe kwa kuuliza, katika kila zama, ni nani aliyekuwa na amri juu ya saa za giza.

Waingereza walihamisha makao makuu ya mkoa wa Mongalla na kuyaleta Juba mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930, wakajenga ofisi, gati ya meli na hoteli iliyopokea wasafiri wa meli za mtoni na wa ndege zilizokwenda kusini mwa Afrika. Hotelini humo mzungu alisikiliza santuri zake. Watu weusi wa mji walikuwa na usiku wao Malakia, mtaa wa askari wastaafu na jamaa zao, waliotoka katika makabila mengi na kukutana katika lugha moja, yaani Kiarabu cha Juba, ambacho hata leo ndicho kinachoimbwa sana kuliko vyote katika mabaa ya mji. Wanawake wa mitaa hiyo walipika merisa ya mtama, wakatonesha araki, na ua wa mpishi wa pombe ukawa ndio ukumbi: mwenye ngoma alikuja nayo, mwenye sauti alikuja nayo, na ijara ikalipwa kwa kibuyu. Simtaji mwanamke huyu kwa kupita. Yeye ndiye mwenye baa wa kwanza katika sehemu hizi, na wale wote waliokuja baadaye na majokofu na meza za bilyadi wamekalia kiti alichokiweka yeye.

Siasa ya wakoloni tangu mwaka 1930 ilikuwa kuitenga Sudan ya Kusini na Kaskazini, na kuitazamisha upande wa Uganda na Kenya. Na ingawa siasa hiyo iligeuzwa kabla ya uhuru, athari yake ilibaki katika masikio ya watu. Tena kulikuwa na Kongo pale pale jirani. Rejaf, mahali palipo juu kidogo ya Juba ukingoni mwa Nili, palipata kutawaliwa na mfalme wa Wabelgiji katika eneo la Lado, hata alipofariki na ardhi hiyo kurudi Sudan mwaka 1910. Watu wa Yei na wa mpakani hawakuacha kuvuka huku na huko kwa arusi, kwa matanga na kwa biashara, na nyimbo hazijapata kuulizwa hati ya kusafiria. Kwa hiyo redio za Léopoldville na Brazzaville zilipoirusha rumba katika miaka ya 1950, Equatoria, jimbo lenye Juba na Yei ndani yake, ilikuwa tayari kuipokea.

Kisha ikaja vita. Maasi ya Torit ya Agosti 1955 yalitangulia uhuru wa Sudan wa tarehe 1 Januari 1956 kwa miezi michache tu, na baada yake watu wa Kusini wakatawanyika kwa makumi ya maelfu katika Uganda, Kongo na Kenya. Mauaji ya Julai 1965 mjini Juba yaliongeza mafuriko hayo ya wakimbizi. Uhamisho ni msiba, wala siutukuzi; lakini ukweli ni kwamba kijana aliyekulia Kampala wakati ule alikulia penye shule ya muziki isiyokuwa na mlango. Kampala ilikuwa na kilabu cha Suzana kule Nakulabye, ilikuwa na bendi ya The Cranes, na kutoka katika bendi hiyo Moses Matovu na wenzake wakaanzisha Afrigo mwaka 1975, ambayo mpaka leo ingali hai. Kijana maskini asiyeweza kulipa kiingilio alisimama nje ya ukuta na kusikiliza, akaenda nyumbani kuzitafuta sauti zile katika nyuzi za gitaa la kuazima.

Mkataba wa Addis Ababa wa mwaka 1972 ulipozima vita ya kwanza na Juba ikawa makao makuu ya serikali ya Kusini yenye madaraka yake, watu hao walirejea na mafundisho yao. Ndipo zikatokea bendi mbili ambazo wazee wa Juba huzitaja pamoja kila zitajwapo siku za dansi: The Skylarks na Rejaf Jazz. Muziki wao ulitazama Kampala, Nairobi na Kongo zaidi kuliko Khartoum, ingawa Khartoum nayo ilikuwa na jazi yake, ya kina Sharhabil Ahmed, aliyelitia gitaa la umeme katika wimbo wa Kisudani na kuitwa mfalme wa jazi. Katika muongo huo huo kikajengwa Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron, ambacho kilikuja kuwa ukumbi mkuu wa mji kwa maonyesho na dansi, na mpaka leo mwanamuziki wa Juba hahesabiwi kuwa amefika iwapo hajapanda jukwaa la Nyakuron.

Bendi ya namna ile iliishi kwa kupiga kopi. Neno hili wengine hulitamka kwa dharau, nami sioni haki katika dharau hiyo. Watu walikuja ukumbini kuusikia wimbo waliousikia redioni, na mpigaji wa solo aliyeweza kuutoa mlio wa Franco au wa Docteur Nico, mabingwa wa gitaa wa Kongo, kwa gitaa bovu na kikuza sauti kinachonguruma alikuwa amefanya kazi ya ustadi mkubwa, tena kwa kusikiliza tu, pasipo nota wala mwalimu. Maneno ya Kilingala yaliimbwa na watu ambao wengi wao hawakujua maana yake. Baada ya kopi nne au tano, usiku ukishakomaa na watu wamekunywa, bendi iliingiza wimbo wake yenyewe, wa Kiarabu cha Juba au wa Kibari, na kutazama kama wachezaji watabaki uwanjani au watarudi kuketi. Hivi ndivyo nyimbo nyingi za dansi za Afrika ya Mashariki zilivyozaliwa, Juba na kwingineko: chini ya mbawa za wimbo wa mgeni.

Ama katika habari ya mali, tafauti ya Juba na Dar es Salaam ilikuwa kubwa, nayo yafaa ielezwe kwa urefu, kwa maana ndani yake umo ufunguo wa mambo yaliyofuata. Tanzania baada ya uhuru iliwafanya wapigaji wengi kuwa waajiriwa. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likabadilika kila jina la chama lilipobadilika, Juwata kisha OTTU, hata watu wakaiita Msondo Ngoma tu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, jeshi na polisi walikuwa na bendi zao, shirika la bima likawa na yake, na Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, ilichukuliwa mwaka 1983 na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na mwanamuziki akapata mshahara wa mwezi. Kasoro za mpango huo zilikuwa nyingi, kwa kuwa aliyetunga wimbo ulioimbwa nchi nzima hakuwa na gitaa la kwenda nalo siku ya kuachishwa, na bendi zikanyang'anyana wapigaji hata ugomvi wao ukawa ndio hadithi ya mji. Lakini mpango huo uliunda kitu ambacho Juba haikupata kukipata: bendi iliyoweza kumpoteza mwimbaji, mpiga besi na meneja, na bado ikaendelea kuwa bendi.

Nairobi ilikuwa namna nyingine, soko huria ambalo mgeni aliweza kuingia na kuuza sauti yake. Ndugu Wilson na George Kinyonga, watu wa Tanga, walifika huko na kuijenga Simba Wanyika. Kutoka humo ikatoka Les Wanyika mwaka 1978. Super Mazembe walitoka Kongo wakatua Nairobi mwaka 1974. Naye Samba Mapangala alipitia Kampala kabla ya kuingia Kenya mwaka 1977 na kuunda Orchestra Virunga mwaka 1981. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 vibali vya kazi vikawa vigumu, na wapigaji wa Kikongo waliokuwa roho ya vilabu vya Nairobi wakaanza kufungasha. Nimeutaja mkasa huo kwa sababu utarudi tena katika hadithi hii, katika nchi nyingine na mwaka mwingine.

Juba haikuwa na mashirika kama ya Dar es Salaam wala kampuni za santuri kama za Nairobi. Umeme ulikuwa wa saa chache, bia ilipanda mto kwa meli kutoka Kaskazini au ilikuja kwa malori kutoka Kenya na Uganda, na barabara ikikatwa na mvua dansi lilipungua. Hata hivyo ile miaka kumi na moja baina ya mkataba na vita ya pili wazee huieleza kwa sauti ya watu waliokula shibe, na mtu asidhani ni uzee tu unaosema. Ilikuwa ndiyo miaka ambayo kijana wa Juba aliweza kutoka nyumbani saa mbili za usiku na kurudi alfajiri kwa miguu, na mamaye asilie.

Mwaka 1983 mambo mawili yalitokea, na yote mawili yaliupiga usiku. Mwezi wa Mei askari wa mji wa Bor waliasi na SPLA, jeshi la ukombozi la Kusini, ikazaliwa; mwezi wa Septemba Rais Nimeiri akatangaza sheria ya Kiislamu, na mjini Khartoum shehena za pombe zikamwagwa mbele ya hadhara. Kusini amri hiyo haikushika kwa ukali ule ule, na merisa haikukauka katika nyua za Malakia na Kator. Lakini kilabu chenye leseni, chenye kiingilio mlangoni na bendi jukwaani, ni kiumbe cha sheria, nacho hakiwezi kuishi kwa kuvumiliwa. Kisha vita ikauzunguka mji. Juba ikawa ngome, chakula kikaja kwa ndege, na baada ya SPLA kuingia mjini mara mbili mwaka 1992, mwezi wa Juni na wa Julai, adhabu iliyowashukia wenyeji ilikuwa kali mno. Usiku ukawa wa jeshi. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 30 Juni 1989 hata Khartoum yenyewe ilikuwa imewageukia waimbaji wake: Mohammed Wardi, aliyekuwa kinara wao, aliishi uhamishoni kwa miaka mingi, na Novemba 1994 mwimbaji Khogali Osman alichomwa kisu akafa katika klabu ya wanamuziki mjini Omdurman. Palipo na hayo, bendi ya baa huvunjika pasipo tangazo. Mmoja huvuka kwenda Arua, Uganda, mwingine hujiunga na kwaya ya kanisa, mwingine huuza gitaa lake apate unga.

Nataka kwaya hiyo ikumbukwe. Katika kambi za Uganda ya kaskazini, na katika Kakuma ya Kenya iliyofunguliwa mwaka 1992, kinanda cha kanisa kilikuwa ndicho chombo pekee ambacho mtoto mkimbizi aliweza kukigusa bila malipo, na wengi walioshika gitaa la besi katika mabaa ya Juba baadaye walijifunza vidole vyao kwa kuwaongoza waumini katika tenzi. Ukimsikia mpigaji wa Gudele akitulia katika mwendo wa polepole, kabla ya kuingia sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, mara nyingi ni Jumapili ya kambini unayoisikia.

Mkataba wa amani baina ya Khartoum na SPLA ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na Juba ikageuka kwa kasi ambayo miji michache imepata kuijua. Watumishi wa mashirika ya misaada na wafanyabiashara walilala katika mahema na nyumba za makontena kando ya Nili, wakilipia kitanda kwa dola bei ambayo Nairobi ingekuwa ya anasa, na palipo na wageni wenye dola na jioni ndefu hapakosi muziki. Wapigaji wa Uganda, wa Kenya na wa Kongo waliuona mlango uliofunguka. Barabara ya kwenda Nimule, mpakani mwa Uganda, kilomita 192 za vumbi na hofu, ilitiwa lami na kukamilika mwaka 2012, na kwa njia hiyo zikapita bia, saruji, mboga, vipaza sauti na watu wa kuvipaza.

Gudele ilijengwa na waliorudi. Serikali iligawa viwanja, watu wakajenga kwa matofali na mabati, na kila mmoja alileta nchi aliyokuwa akiishi: aliyerudi kutoka Khartoum alileta chai ya viungo na nyimbo za Kaskazini, aliyerudi Uganda alileta Kiganda na nyama choma ya nguruwe, aliyerudi Nairobi alileta Kiswahili cha mitaani na rege. Maeneo ya Suk Libya na Mia Saba yakawa na msongamano wa watu mpaka usiku mwingi. Mwenye baa katika mtaa wa namna hiyo hana budi kumridhisha kila mmoja wao, na mpigaji wake, ikiwa ni mtu wa kazi hasa, huanza jioni kwa rumba ya zamani, akaingia katika zouk, akapita kwenye wimbo wa Kidinka au wa Kiarabu cha Juba, na kufikia usiku wa manane amekwisha kuimba katika lugha tano pasipo mtu kumshangaa.

Tumtazame kwa karibu, ingawa sitamtaja jina, kwani wako wengi wa hali moja. Alasiri amefika na kinanda chake cha umeme kimefungwa kwa kamba nyuma ya bodaboda, kimezungushiwa blanketi kwa ajili ya vumbi. Jambo la kwanza aulizalo si la fedha. Huuliza petroli, kwa kuwa mji huu kwa miaka mingi umeendeshwa na jenereta, na ijara yake yote imo ndani ya lile dumu la njano lililoko nyuma ya jiko. Huwasha, husikiliza ngurumo, hukisogeza kipaza sauti mbali na moshi. Jenereta ikikohoa katikati ya wimbo, kinanda huzimika na kusahau mipangilio yote aliyoiweka, taa hufa, na hapo hujulikana mwanamuziki na asiye mwanamuziki: aliye mwanamuziki haachi kuimba. Huushika wimbo kwa sauti yake tupu, mpiga ngoma huendelea juu ya ubao wa meza, wateja hupokea kibwagizo gizani, na umeme unaporudi huwakuta wako mahali pale pale pa wimbo. Mwenye fedha huinuka akaja kumtunza, akambandika noti kipajini au kuitupa katika sahani iliyo mbele ya kinanda, na noti hizo, katika usiku mwema, hupita ujira aliopatana na tajiri. Usiku mbaya ni ule ambao wateja ni wengi lakini tajiri, saa ya kulipa, haonekani.

Ustawi huu wa baada ya mwaka 2005 ulikuwa na mizizi mifupi. Kiwanda cha bia cha kampuni ya SABMiller kilifunguliwa Juba mwaka 2009, kikatoa bia ya White Bull, na kwa mara ya kwanza baa ya Gudele ikauza bia iliyotengenezwa mjini humo humo. Uhuru wa Sudan Kusini ukaja tarehe 9 Julai 2011, na katika siku zile kila aliyejua kushika ala alikuwa na kazi. Lakini Januari 2012 serikali iliyafunga mafuta kwa ugomvi na Khartoum, na mishahara ikakauka. Septemba 2013 wageni wakakatazwa kuendesha bodaboda, na wapigaji, ambao walirudi nyumbani saa tisa za usiku nyuma ya waendeshaji wa Kiganda waliowajua kwa jina, wakapoteza walinzi wao. Mwaka uliofuata wizara ya kazi ikatoa waraka wa kutaka nafasi za kazi zilizoshikwa na wageni, za hotelini zikiwamo, ziachwe kwa wananchi. Waraka ukalegezwa baada ya malalamiko, lakini Mkongo aliyekumbuka yale ya Nairobi hakuhitaji kuusoma mara mbili.

Yaliyotokea tarehe 15 Desemba 2013 na siku zilizofuata yaliijulisha dunia jina la Gudele kwa njia ambayo hakuna mtaa ambao ungeipenda. Vita ilipozuka baina ya askari wa upande wa Rais Salva Kiir na wa upande wa Riek Machar, makamu wake wa zamani, wanaume wa Kinuer walisakwa nyumba kwa nyumba, na mamia yao walifungiwa katika jengo la polisi hapo Gudele wakapigwa risasi. Wachunguzi wa Umoja wa Afrika na wa mashirika ya haki za binadamu wamelithibitisha tendo hilo. Siwezi kulisimulia kama kisa cha muziki. Nasema tu kwamba bendi za Gudele zilikuwa na watu wa makabila yote, na kwamba baada ya Desemba ile wako wapigaji walioishi katika kambi za Umoja wa Mataifa zilizo mwendo mfupi toka baa walizopigia, wasiweze kuzirudia. Na mwimbaji aliyekuwa akibadili lugha kwa kuwafurahisha watu ilimbidi apime, kabla ya kufungua kinywa, wimbo gani utamtambulisha kwa nani.

Baa zilifunguka tena, maana watu hawawezi kuishi na huzuni peke yake. Desemba 2015 pauni ya nchi, iliyokuwa ikishikiliwa karibu na 3 kwa dola moja, iliachiwa ikaporomoka siku ile ile hata zaidi ya 18, na ujira uliopatanwa kwa pauni ukawa nauli. Mwanzoni mwa 2016 kiwanda cha bia kikatangaza kufunga kwa kukosa fedha za kigeni za kununulia malighafi. Tarehe 7 Julai mwaka huo risasi zililia tena, na safari hii zilianzia Gudele kwenyewe, katika kizuizi cha barabarani usiku, ambapo askari watano waliuawa. Kesho yake mapigano yakafika ikulu, na kwa siku kadhaa mji wote ukawaka. Wageni wengi walioshika magitaa walipanda magari ya kwenda Nimule, na safari hii wengi hawakurudi. Mwaka 2020 maradhi ya korona yakaleta amri ya kutotoka usiku, na kwa mara nyingine tena usiku ukawa mali ya serikali.

Nafasi ya walioondoka ilishikwa na mashine. Mwenye baa aliyekuwa akilipa watu watano alijifunza kumlipa mmoja, mwenye kompyuta na nyimbo elfu. Na vijana waimbaji, wa hirimu ya Silver X na Queen Zee na waliokuja baada yao, wamezoea kupanda jukwaani na muziki uliokwisha kutengenezwa studio, wakaimba juu yake. Wapo wanaowalaumu. Mimi nauona uamuzi wao kuwa wa watu wenye akili: chombo kinachotoshea mfukoni kinaweza kukimbia na mwenye nacho, na kizazi hiki kimefunzwa kukimbia. Lakini hasara ipo, wala si ndogo. Mpiga solo hawezi kufunzwa na kompyuta namna ya kumsubiri mwimbaji aliyesahau ubeti, na bendi ya watu watano ilikuwa darasa ambalo mdogo aliingia kwa kubeba vyombo, akapanda kupiga rhythm, akaja kuwa mwenye bendi.

Novemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa umeme wa megawati 33 wa kampuni ya Ezra, na sehemu za Juba zikaanza kupata umeme wa waya, ghali lakini wa kutegemewa kuliko wa jenereta. Sudan Kusini imekwisha kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na kisheria mpigaji wa Arua au wa Goma, kwa kuwa Kongo nayo ilijiunga mwaka 2022, amekuwa raia wa jumuiya moja na mwenye baa wa Gudele. Kinachotakiwa sasa ni wizara zinazohusika kuwatazama wapigaji hawa kama wafanyakazi: mkataba ulioandikwa ambao tajiri atashitakiwa kwao akiuvunja, kibali cha kazi ambacho mpigaji wa jumuiya hatakinunua kwa mshahara wa miezi mitatu, na Nyakuron kufunguliwa mchana kwa wale wanaotaka kujifunza ala kutoka kwa wazee wa zama za The Skylarks na Rejaf Jazz waliobaki, kabla ya wazee hao kutuaga. Kwa sasa kila mmoja wao hufunza nyumbani kwake, vijana wawili watatu kwa wakati, kwa gitaa moja wanalopokezana.